Mteja wa Kwanza Asiye Ndugu Yako

Warsha nyingi hapa Dar es Salaam hupoteza asubuhi nzima kwenye utambulisho. Chai imeshanyweka, maandazi yamebaki mawili kwenye sinia, na kipaza sauti kinazungushwa kutoka kiti hadi kiti. "Kwa majina naitwa fulani, natokea Temeke, ni mjasiriamali." Makofi. Anasimama wa pili: "Kwa majina naitwa fulani, natokea Kimara, na mimi pia ni mjasiriamali." Makofi tena. Watu sitini wakishapita hivyo, jua limefika utosini, na ukimuuliza mmoja wao ameshika jina la nani, atakutajia jirani yake wa kiti, ambaye huenda walipanda naye daladala moja.

Kazi yangu ni kuendesha warsha za kuwakutanisha watu wasiojuana. Wanaokuja ni wasindikaji wadogo wa vyakula, mafundi cherehani, wenye maduka ya vipuri, vijana waliomaliza chuo na wanatafuta pa kuanzia, na pengine ofisa wa benki au wa halmashauri aliyealikwa. Wanajilipia nauli, wanafunga biashara, na wanategemea kuondoka na namba ya mtu atakayewafaa. Kwa anayekula leo alichouza leo, siku moja bila kufungua genge ni hasara ya kweli. Ndiyo maana naumia nikiona maswali ya mazungumzo yamechaguliwa dakika ya mwisho, yamenakiliwa kutoka warsha ya mwaka juzi na kubandikwa kwenye ratiba ili nafasi isibaki wazi. Mimi maswali hayo manne au matano nayapa muda kuliko ukumbi, kuliko chakula, kuliko mgeni rasmi.

Kigezo changu cha kwanza ni hiki: swali liwe ambalo mnyonge kuliko wote ukumbini analijibu bila kuinamisha kichwa, na mkubwa kuliko wote hawezi kulimaliza kwa kutaja cheo. Chukua swali tunalolitumia kila siku, "Unafanya kazi wapi?" Ofisa wa benki analijibu kwa neno moja na meza nzima inamgeukia. Kijana ambaye bado anasambaza vyeti analijibu huku macho yako mezani. Mama anayekaanga mihogo Mbagala anasema, "Mimi nipo tu nyumbani," ingawa mihogo hiyo imesomesha watoto. Mazungumzo hayajaanza, na tayari watu wamepangwa: huyu wa kuombwa, wale wa kuomba. Kufika jioni ofisa atakuwa amezungukwa na wanaotaka kadi yake, na mama wa mihogo atakuwa anaongea na shoga yake aliyekuja naye.

Hasara ya hali hiyo ilishapimwa zamani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya kufahamiana kwa mbali. Alikuwa amewahoji wanaume wa Newton, mji ulio jirani na Boston, watu wa taaluma, ufundi na uongozi waliokuwa wamebadili kazi siku za karibuni. Kati ya wale walioipata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Alipowauliza kama aliyewapa habari ni rafiki yao, walimsahihisha: si rafiki, tunafahamiana tu. Na ukifikiri utaona ni haki iwe hivyo. Rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua na anasikia unayoyasikia, maana mnakaa kijiwe kimoja. Habari ya nafasi usiyoijua inatoka kwa mtu wa kijiwe kingine.

Sisi tumezoea kuamini koneksheni ni mjomba aliye ofisini. Vijana wengi wanakuja kwenye warsha wamekata tamaa kwa sababu hawana mjomba wa namna hiyo. Nawaambia habari ya Newton kwa sababu inawahusu moja kwa moja: mtu uliyekaa naye meza moja kwa nusu saa anaweza kukufaa kuliko mjomba, ila ni lazima aondoke akikumbuka jambo moja la hakika kukuhusu. Na atakumbuka jambo gani, hilo linategemea uliulizwa nini.

Nieleze meza moja. Walikaa wanne: mama wa makamo anayetengeneza siagi ya karanga, kijana anayefungasha mafuta ya kujipaka, dada mhasibu ambaye kampuni yake ilikuwa imempunguza, na mzee mwenye pikipiki za kubeba mizigo. Kadi ya swali niliyowawekea mezani ilisema: "Wiki iliyopita ni kitu gani kilikukwamisha kwenye shughuli zako mpaka ukakasirika?"

Mama akasema vifuniko. Wenzake wakamtazama, wakidhani atataja mkopo. Akaendelea. Karanga zikishasagwa, mafuta yake hupanda juu. Kopo likikaa juani, tuseme kwenye meza ya duka la stendi, yale mafuta yanapata joto, yanakuwa mepesi, yanapenya kwenye nyuzi za kifuniko na kuteremka ubavuni mpaka kwenye lebo. Lebo ya karatasi ikinywa mafuta inaingia doa la kahawia. Mteja akiona doa anasema kopo limeharibika, mwenye duka analirudisha, na huku ndani siagi ni nzima kabisa. Wiki ile alikuwa amerudishiwa makopo 18 na duka moja. Moja alikuwa nalo kwenye pochi, amelizungushia kitambaa. Akalitoa, akaliweka katikati ya meza.

Kijana wa mafuta ya kujipaka akalishika, akafungua kifuniko, akapitisha kidole kuzunguka mdomo wa kopo, akakikagua kile kidole. "Mama, kwani huweki foili?" Mama akauliza ndiyo nini. Kijana akamweleza: ni kile kikaratasi king'aacho unachokibandua ukifungua kopo jipya la mafuta. Kinawekwa ndani ya kifuniko, kisha unashikilia juu yake kimashine cha mkononi cha umeme kwa sekunde chache, foili inapata joto na kugandana na mdomo wa kopo. Akasema yeye anacho kimashine hicho, na anakitumia siku mbili tu kwa wiki. Mzee wa pikipiki akauliza, "Kwa wiki unatoa makopo mangapi, mama, na unayatoa saa ngapi?" Dada mhasibu alikuwa ameshavuta kalamu: foili moja bei gani, kopo likirudi unapoteza kiasi gani, yakirudi 18 umelipia foili za makopo mangapi.

Mpaka kengele inalia, hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake anafanya kazi wapi. Dada yule hakulazimika kutamka kwamba ameachishwa kazi, na bado watu watatu waliondoka wakijua kwamba anapiga hesabu za gharama haraka na kwa usahihi. Kwa mtafuta kazi, sijui utambulisho gani wa kipaza sauti unaoweza kumpa hivyo.

Sasa jambo hilo hilo liulize kwa lugha ya makabrasha: "Ni changamoto gani unakabiliana nazo katika biashara yako?" Jibu nalijua kabla halijatoka, na wewe unalijua: mtaji. Ukiuliza meza kumi, utapata mitaji kumi. Si uongo, mtaji ni shida ya kweli, lakini ni jibu lisilompa aliyeketi mbele yako mahali pa kushika, maana naye hana. Neno changamoto limetumika sana mbele ya wafadhili, kiasi kwamba mtu akilisikia anajibu kama anayeandika maombi ya mkopo. Ukimtajia wiki iliyopita anaacha hotuba, anaanza kukumbuka. Anaona kopo, anaona sura ya mwenye duka, anaona Jumanne. Kwa sababu hiyo hiyo swali la malengo ya miaka mitano ijayo nimelifuta kabisa; linazaa ndoto nzuri za kiwanda na magari ya kusambazia, na msikilizaji hana la kufanya ila kusema amina.

Swali ninalolipenda kuliko yote, na ambalo ningemshauri mwezeshaji yeyote aanze nalo kama wageni wake ni wafanyabiashara wadogo, ni hili: "Mteja wako wa kwanza asiyekuwa ndugu, jirani wala rafiki alikuwa nani, na alikufikiaje?"

Biashara nyingi za mitaani kwetu huanza kwa kuungishwa. Unaleta sabuni zako kwenye kikoba, wenzako wananunua. Unapeleka keki kanisani, au tende msikitini wakati wa Ramadhani, watu wanakuungisha kwa mapenzi. Hilo ni jema, na limevusha wengi. Lakini ndugu anayekuungisha hasemi ukweli kuhusu bidhaa yako. Yule mgeni wa kwanza, aliyetoa hela yake bila kukujua na akarudi, ndiye aliyekuambia kwamba una biashara. Watu wanamkumbuka mtu huyo kwa namna ya ajabu. Nimesikia habari ya dereva wa lori aliyesimamisha gari Chalinze kwa ajili ya pilipili ya kusaga na akawa anachukua chupa sita kila safari, na ya mwalimu aliyeona nembo imeshonwa vizuri kwenye sweta la mtoto akauliza fundi ni nani. Ndani ya hadithi hizo kuna kila kitu ambacho mwenzako angehitaji kujua ili akusaidie: unauza nini, kinapendwa na nani, kinasafiri vipi, umbali gani. Na mtu ameyasema yote hayo akiwa na furaha, wala hakuwa anajitangaza.

Hata hivyo swali hilo halifai kila ukumbi. Kabla kadi hazijachapwa huwa nachukua orodha ya walioandikishwa na kulisoma kila swali kwa macho ya watu watatu: mwenye kipato kidogo kuliko wote, mdogo kuliko wote kwa umri, na aliyepatwa na jambo zito karibuni, kufiwa, kufukuzwa kazi, kuunguliwa na duka. Nikimweka hapo kijana aliyemaliza chuo ambaye hajawahi kuuza chochote, swali la mteja wa kwanza linamwacha mikono mitupu mbele ya wenzake. Kwa ukumbi wenye vijana hao nalibadili: "Nani alikuwa mtu wa kwanza, asiye ndugu yako, kukukabidhi kazi yake?" Hapo wanapata la kusema. Yupo aliyetunza daftari la kikoba cha mtaa, yupo aliyefundisha mtoto wa watu tuisheni ya hesabu, yupo aliyeachiwa simu ya kutengeneza na mtu ambaye hakumjua. Mfanyabiashara naye analijibu bila shida, kwa hiyo hakuna anayejiona amepewa swali la watoto.

Yapo maswali yanayofunga midomo, na mengi yanaulizwa kwa nia njema. Usiulize machimbo. Mtu anayechukua mali Kariakoo hawezi kukutajia mbele ya watu duka analochukulia. Ndiyo siri inayomlisha, na ukimlazimisha atakutajia mtaa usiokuwa wake. Usiulize anaingiza shilingi ngapi. Atawaza mtu wa mapato, atawaza shemeji anayedai mkopo, atataja tarakimu yoyote ili apite. Watoto nao ni swali la kawaida sana kwetu wanawake, linatoka mara tu baada ya salamu, na nimeshuhudia likimnyamazisha dada mmoja kwa muda wote uliobaki. Kwenye kadi halikai. Akitaka kuwataja wanawe atawataja mwenyewe.

Na kuna "Wewe ni mtu wa wapi?" Hapa Tanzania swali hilo mara nyingi linaleta vicheko, hasa wakikutana watani, Mchaga na Mpare, Mnyamwezi na Mzaramo, dakika mbili hazipiti wameshadaiana mahari na mazishi. Lakini mwenzangu anayefanya kazi hii Nairobi halitumii kamwe. Kule, hasa baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, wapo wengi wanaolisikia kama swali la kabila lililovaa kanzu. Yeye anauliza, "Ni mtaa gani unaoujua vizuri kuliko watu wengi hapa?" Nimelichukua kwake na ninalitumia hata Tanga na Morogoro, kwa sababu jibu lake lina faida. Mtu anayejua kwamba Jumatano mtaa fulani una gulio, au kwamba barabara fulani haipitiki kuanzia Machi, ana bidhaa ya kumpa mwenzake hapo hapo.

Umri ni suala ambalo vitabu vya warsha vilivyoandikwa mbali havilitazami, na kwetu linaamua kila kitu. Kijana akishasema "Shikamoo mzee" na kuitikiwa "Marahaba mwanangu", nafasi zao zimeshawekwa, na kijana hataanza kumhoji mtu wa umri wa baba yake. Si busara kuuvunja utaratibu huo. Wapo wawezeshaji wanaoagiza watu waitane kwa majina matupu ili wawe sawa; mzee ananuna, kijana anaona haya, na usawa wenyewe haupatikani. Mimi naiacha shikamoo ifanye kazi yake, kisha nampa kijana swali ambalo kulitamka mbele ya mkubwa ni heshima: "Mzee, ni kosa gani unaliona vijana wa kazi yako wanalirudia?" Mzee anakaa vizuri. Lakini kadi ya mzee nayo ina swali lake kwa kijana, na hilo nalisisitiza: "Mwanangu, ni kitu gani unakifanya kwa simu yako ambacho kingeniokolea muda?" Kijana anatoa simu, wanainamia kioo kimoja. Nimewaona wazee wenye maduka makubwa wakijifunza hapo kupokea malipo kwa namba ya lipa, na vijana wakijifunza kwa nini duka lao la mtandaoni limekosa wateja wa jumla.

Usimuulize mzee "Mlianzaje?" kama una dakika ishirini. Ataanza mwaka aliotoka kijijini na kengele italia akiwa bado Morogoro.

Swali lolote kwenye kadi ni la kwanza tu. Ukimpa mtu swali zuri na yeye, akishajibiwa, akaruka kwenda kwenye swali linalofuata, umepata dodoso. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard, miongoni mwao Karen Huang na Alison Wood Brooks, walichapisha matokeo ya kuchunguza mazungumzo ya watu wasiojuana. Waliona kwamba wanaouliza maswali zaidi hupendwa zaidi na wenzao, na maswali yenye uzito hasa ni yale yanayofuata jibu, yanayoonyesha kwamba ulikuwa unasikiliza. Waliangalia pia watu waliokutanishwa kwa dakika chache chache kutafuta wachumba, na wale waliouliza maswali ya kufuatilia walikubaliwa zaidi kwa miadi ya pili. Ile "Mama, kwani huweki foili?" haikuandikwa kwenye kadi yoyote, na isingewezekana kuandikwa. Kwa hiyo sheria yangu ukumbini ni kwamba hakuna kugeuza kadi mpaka jibu limeulizwa maswali mawili zaidi. Meza nyingine humaliza muda wote kwenye kadi moja. Nafurahi zikifanya hivyo.

Mpangilio wa maswali nao una maana. Arthur Aron, mwanasaikolojia wa New York, mwaka 1997 alichapisha maswali 36 aliyowapa watu wasiojuana, wawili wawili, wayajibu kwa zamu kwa takriban dakika 45. Yako mafungu matatu, na kila fungu linaingia ndani ya moyo kuliko lililotangulia. Walioyajibu walijisikia karibu zaidi kuliko wale waliopewa maswali ya porojo. Baadaye maswali hayo yalipata umaarufu duniani kama maswali ya kuwafanya watu wapendane, na nimeshayakuta kwenye ratiba za warsha za biashara. Hapo sikubaliani. Yalitungwa ili yazae ukaribu, na fungu la tatu linamtaka mtu aongelee kifo cha mmoja wa familia yake na kilio chake cha mwisho. Hayo si ya kumuuliza mtu uliyekutana naye saa nne asubuhi akiwa anatafuta mnunuzi wa alizeti. Ninachokichukua kwa Aron ni mambo mawili: kupanda taratibu, na kila swali kujibiwa na wote wawili. Hili la pili wengi wanalisahau. Anayeuliza tu bila kujibu anakuwa polisi.

Kwa upande mwingine tusiwe waoga kupita kiasi. Utafiti wa Michael Kardas, Amit Kumar na Nicholas Epley uliochapishwa 2021 uliona kwamba watu wanapoambiwa wazungumze mambo ya maana na mtu wasiyemjua, wanategemea aibu na ukimya mkubwa kuliko unaotokea kweli. Nakubali kwa niliyoyaona. Mtu akiulizwa kwa upole nini kilimkasirisha wiki iliyopita, mara nyingi anashukuru kwamba kuna aliyeuliza.

Anayeshindwa naye anahitaji mlango wa kutokea, na huo tunao tangu utotoni. Kwenye vitendawili anayetega hatoi swali mpaka aitikiwe "Tega". Na ukishindwa unatoa mji. "Nakupa Tanga." "Naenda Tanga, nafika Tanga…" Mchezo unaendelea na heshima yako iko pale pale. Ukumbini kwangu ni hivyo: anayeuliza anasema "Kitendawili", anayeulizwa akiwa tayari anaitikia, na swali likimgusa pasipotakiwa anatoa mji. Wenzake wanacheka, kadi inageuzwa, hakuna anayehoji kwa nini. Kuna baba mmoja aliyetoa Bukoba kwa swali la kazi ya kwanza, na jioni akiwa anasubiri pikipiki akamsimulia yule aliyekuwa amemuuliza, wawili peke yao.

Kuhusu ukumbi nitasema kwa kifupi: meza ya watu wanne, kwa sababu kwenye meza ya wanane wawili wanaongea na sita wanaangalia simu, dakika ishirini kwa duru, kisha watatu wanahama na mmoja anabaki kuwaeleza wageni yaliyosemwa. Utaratibu huo wa kuhama unatokana na Juanita Brown na David Isaacs wa California, walioanza kuutumia 1995. Karatasi kubwa ikiwa mezani na kalamu zipo, watu wanachora, na michoro hiyo inaokoa maneno mengi.

Swali la mwisho la siku ni lile lile katika kila warsha yangu, na linajibiwa kwa maandishi nyuma ya kadi kabla ya kubadilishana: "Nikikupigia wiki ijayo, nikupigie kuhusu nini?" Kila mtu anaandika jibu lake mwenyewe na kumpa mwenzake. Bila hilo, namba zinakusanywa, linafunguliwa kundi la WhatsApp, na baada ya siku tatu kundi limejaa salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja. Kadi ikiwa imeandikwa "kimashine cha foili, nipigie Alhamisi", anayepiga hana haja ya kujieleza upya, na anayepokea hajiulizi huyu ni nani.

Sasa naandaa warsha ya Mwanza, ya watu wa dagaa. Watakuwepo akina mama wanaoanika, wenye mitumbwi, madereva, mawakala wa soko la Kirumba Mwaloni, na wanunuzi wanaovuka mpaka kutoka Congo, Rwanda na Burundi, ambao Kiswahili chao kina ladha nyingine na tutaelewana vizuri. Hawa wanajuana kwa bei tu. Mwenye dagaa anamwona mnunuzi ni mtu wa kushusha bei, mnunuzi anamwona mwanikaji ni mtu wa kuchanganya mchanga. Nimelitafuta swali la kwanza kwa muda mrefu. La bei litawagombanisha, la ubora litawafanya akina mama wajitetee. Nimeamua liwe hili: "Mvua ya msimu uliopita ilikukuta wapi na mzigo?" Dagaa wa kuanikwa chini mvua ikiwanyea ni chakula cha kuku, wakiwa kwenye chanja kuna nafasi ya kuwaokoa. Dereva ilimkuta njiani bila turubai la kutosha, mnunuzi ilimkuta mpakani akisubiri karatasi, mama ilimkuta mtoni akifua na mchana ulikuwa mweupe. Kila mmoja ana mahali pake palipolowa, na mkubwa na mdogo wamepoteza. Maswali mawili ya kufuatilia watayapata wenyewe, na nadhani moja litahusu turubai.